Mwaka Tuliohamisha Kitanda cha Bibi

Siku ya tatu ya msiba wa Mama, watu wamepungua na mikeka imebaki na makombo ya mahamri, aliingia mwanamke mmoja mnene, leso moja kiunoni na nyingine amejitanda kichwani, akasimama mlangoni akinitazama. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kumjua mtu mpya. Nimemuuguza Mama miaka miwili, nimemzika, nimepokea mikono ya watu hata kiganja kikaniuma, na kwa kweli nilichokitaka saa ile ni kila mtu aende kwake nami nijinyooshe sakafuni. Akaniambia, "Batuli, hunijui? Mimi Mama Dama. Kadzo." Nikamjua kwa sauti. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa na miaka ishirini na moja, na sasa nakaribia hamsini. Nikamkalisha ubavuni pangu, nikamtilia kahawa. Akanipa pole kwa utaratibu, akamwombea Mama kwa dini yake nami nikaitikia amina kwa dini yangu. Kisha, kahawa hata hajaionja, akauliza, "Na yule nyanya yako? Tulipoondoka sisi, aliishi?"

"Aliishi," nikamwambia. "Miezi saba."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu alilolingoja sana. "Basi. Haikwenda bure."

Nilimsogezea sahani ya mahamri nikamwambia ale. Ningesema nini? Mtu amekuja msibani kwako kwa hisani, amekaa na neno lake miaka yote hiyo, nawe unajua jambo ambalo yeye halijui. Nimekaa nalo mwezi mzima tangu siku ile, na limenichosha kuliko msiba wenyewe. Basi nauandika mwaka huo. Habari za nani alimwoa nani na ukoo wetu ulitoka wapi nawaachia wanaozipenda, nao hawakosekani katika jamaa zetu. Mimi nataka kueleza vyumba.

Tulikaa ghorofa ya kwanza ya nyumba ya zamani, katika uchochoro wa Mji wa Kale, ule upande unaotokea Makadara. Ukimaliza ngazi unaingia ukumbini: mrefu, mwembamba, hauna dirisha ila kitundu juu ya mlango wa jikoni, taa yawaka saa sita za mchana. Humo mimi na Mama tulilala, godoro tukilikunja alfajiri na kulisimamisha ukutani. Mwisho wa ukumbi ni jikoni na choo, na baina yake chumba kidogo tukikiita stoo, cha kuwekea makaa, vikapu na masufuria makubwa ya shughuli. Na mbele, upande wa njia, chumba cha Bibi, chenye madirisha mawili makubwa, upepo ukiingia kwa hili na kutokea kwa lile. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha kukaa mtu. Kwingine kote kulikuwa kwa kupitia tu.

Bibi, mamake Mama, alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia kwa kuteleza katika ngazi zetu hizo, na hakutembea tena. Lakini kila asubuhi tukimwinua na kumkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mto mgongoni. Akiswali hapo kwa kuketi, kisha anaanza kazi yake ya dirishani. Alijua nani amerudi sokoni na samaki gani, mtoto wa nani amechelewa chuo cha Kurani, nani na nani hawasemezani. Watu walimwamkia kutoka chini, "Sabalkheri, Bibi!" naye akiwajibu kwa majina, mmoja mmoja, na kuwauliza wa nyumbani. Wakati mwingine, akidhani hatumsikii, alijisemea, "Nimechoka, ya Rabbi, nimechoka mja wako." Tukimsikia tulimwambia, "Utapona, Bibi, inshallah." Ilikuwa ndiyo adabu ya kumjibu mgonjwa, na tulimjibu hivyo hata bila kugeuka.

Mama alikuwa akilea watoto wa watu. Alianza na mmoja wa jirani, wakawa watatu, na mwaka ule walifika kumi na mmoja. Mama zao walifanya kazi madukani, maofisini, hospitalini. Kadzo alikuwa katika ghala la majani ya chai huko Mbaraki, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa mlangoni na Dama mgongoni, mtoto wa mwaka na miezi, mashavu haya, mkimya, mwenye tabia ya kukushika kidole asikiachilie. Mtu asiyelea watoto kumi na mmoja hajui uchovu, na msinibishie. Uji wa asubuhi, nepi za asubuhi, kamba ya nepi kule juu darini, mmoja ametapika, mmoja amemng'ata mwenziwe, mmoja ameingiza maharagwe puani. Mchana wali kwa mchuzi mwepesi, tukiwalisha kwa zamu na kijiko kimoja kwa watoto wawili. Kisha kuwalaza, na hapo ndipo palipokuwa na dhiki, kwa sababu walilala ukumbini, kwenye majamvi, miguu ya huyu usoni mwa yule, wametota jasho, na harufu ya mkojo haitoki hata umwage dawa namna gani. Kefule! Mpaka leo nikipita mahali pana harufu ya dawa ile hujiona nimeinama na kitambaa mkononi.

Bwana afya alikuja baada ya mfungo. Alikuwa kijana mpole, alivua viatu ngazini, akanywa chai, akamwambia Mama, "Bi Zena, watoto wako ni safi na wanapendeza. Lakini hapa ukumbini hawana hewa. Nikirudi mwezi ujao nataka niwakute wanalala penye madirisha, na asilale mgonjwa pamoja nao. Ikiwa haikuwezekana, sitaweza kukuacha uendelee." Alilisema hilo akitazama kikombe chake. Alipoondoka Mama alikaa chini, pale pale, baina ya watoto, akasema, "Madirisha yapo. Bibi ndiye anayalalia." Kisha akaanza kukusanya vikombe, kwa haya ya neno lililomtoka.

Mimi ndiye niliyelichukua neno hilo nikalifanyia kazi. Nilikuwa nimetaka sana chuo cha ualimu nikakikosa, na hapa nikapata jambo la kuonyesha akili yangu. Nilitwaa futikamba ya fundi wa mbao jirani yetu, nikapima kila ukuta, kila mlango, nikachora nyumba yetu juu ya karatasi ya manila. Kisha nikakata boksi la sabuni vipande vidogo kwa vipimo: hiki kabati, hizi ni godoro za watoto, hii meza ya kubadilishia nepi, hiki kitanda cha Bibi. Siku hizi binti zangu hunionyesha kwenye simu picha za vyumba vya kulelea watoto, kila kitu rangi ya maziwa, na mishale ya kuonyesha hili liende wapi. Mimi nilikuwa na boksi la sabuni, na wallahi nilifurahi nalo. Jioni mbili nzima nilivisogeza vipande vile sakafuni, nikilamba vidole vyenye mchuzi wa samaki wa kupaka, Mama akinitazama na kuniambia, "Mashalla, una kichwa, mwanangu." Kipande cha Bibi nilikijaribu ukumbini kikaziba njia, nikakijaribu jikoni, nikakitia stooni. Stooni kikaingia barabara. Bibi mwenyewe tulikwenda kumwambia baadaye, mpango umeshakwisha. Nilimwambia, "Bibi, twataka kukuhamisha chumba, kwa ajili ya watoto." Alinitazama kidogo, akasema, "Hewala, mwanangu." Sisi Waswahili wa Mji wa Kale hewala yetu ina mambo mengi ndani yake, na mimi nilikuwa nimezaliwa humo, nimelelewa humo, nikaichukua kuwa ni ndiyo.

Siku ya kuhamisha tuliwaita mahamali wawili wakaivunja samadari yake na kuifunga upya stooni. Stoo ilikuwa nyembamba, upana wake mtu mzima hawezi kujinyoosha, kwa hiyo kitanda kiliwezekana kukaa kwa urefu tu, mchago upande wa mlango, miguu upande wa ndani. Kilijaa ukuta kwa ukuta. Hapakuwa na pa kumteremshia miguu, basi tangu siku ile Bibi hakuketi tena ukingoni, akawa anaswali vivyo hivyo alivyolala, chali. Sakafu ya mlangoni ilikuwa imebonyea, kichwa kikawa chini kuliko miguu, na Bibi alikuwa na kifua. Nikaenda darini, nikarudi na matofali mawili, nikayatia chini ya matendegu ya mchago. Kichwa kikainuka vizuri. Nikamuuliza, "Sawa hivyo, Bibi?" Akatazama dari, akatazama vidole vyake vya miguu, akasema, "Sawa. Mngu awaweke." Nikatoka kwenda kutandika godoro za watoto.

Chumba cha mbele kilipendeza, siwezi kusema uongo. Godoro kumi na moja zilipangika safu mbili, kila mtoto na leso yake ya rangi mbalimbali ili tusiwachanganyie, mapazia mepesi, kabati la nepi karibu na mlango, na njia katikati ya kupitia mtu mwenye beseni. Mchana ule wa kwanza watoto walilala wote kwa pamoja, kwa upepo, mambo ambayo hatukuwahi kuyaona. Mama alikaa kizingitini akasinzia na ufagio mkononi. Jioni Kadzo alipokuja kumchukua Dama alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema, "Hata msimamizi wetu hakai penye upepo kama huu." Nilijiona mtu, nawaambia haki ya Mungu.

Haikupita wiki Bibi akaanza. Nilimpelekea chai, akanishika mkono. "Batuli, niwie radhi."

"Kwa lipi, Bibi?"

"Kwa nilijualo na nisilolijua."

Nikamwambia nimekuwia, nikatoka, nikamwambia Mama jikoni, "Bibi anatupiga vijembe." Mama akasema, "Namjua mamangu. Amezira. Ametwaliwa chumba, amezira, lakini hatasema." Tukaafikiana hivyo. Na kila lililofuata tulilisoma kwa miwani hiyo. Alimwomba radhi Mama, akamwomba radhi muuza maziwa kupitia mlangoni. Alirudisha sahani ya samaki haijaguswa, tukasema ni kuzira. Akarudisha tambi, ambazo alikuwa hazikatai hata akiwa na homa. Ikawa supu tu, kisha uji vijiko viwili, kisha maji. Alimwita Kadzo, ambaye si jamaa wala si jirani, akampa doti ya leso mpya kutoka kwenye sanduku lake: "Vaa, mwanangu, na uniombee kwa unavyoomba." Kadzo alitoka na leso zile amezikumbatia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nyanya ana nini?" Nikamjibu, "Ana hasira."

Siku aliyotaka tumtolee sanda yake Mama alishindwa kujizuia. Wazee wetu huweka sanda zao tayari sandukuni, si ajabu, lakini kumwambia mtu akutolee na akuwekee kitandani ni jambo jingine. Nilikuwa ukumbini na mtoto begani, nikawasikia.

"Mama, chumba ni chumba tu! Sisi twala kwa hawa watoto. Wataka nifanye nini? Niwatupe nje?"

"Sikusema kitu, mwanangu."

"Huli! Kutokula si kusema?"

"Mimi nashukuru, Zena. Mumefanya vyema. Nitolea sanda yangu niione."

Mama alitoka akilia kwa hasira, akaniambia nikamtolee mimi. Nikamtolea. Aliishika kwa vidole viwili, akainusa ile karafuu maiti, akaniambia, "Imehifadhika." Uso wake ulikuwa umetulia mno. Nakumbuka niliuona utulivu ule na ukaniudhi, nikasema moyoni, huyu mzee ni mkaidi kuliko sote. Mikono ilikuwa ishaanza kumkonda, pete yake ya fedha ikimzunguka kidoleni. Sisi tulikuwa tukihesabu siku za kurudi bwana afya, wala hatukujua kwamba siku zilizokuwa zikihesabika ni za Bibi.

Mtaani kwetu mwosha maiti alikuwa Bi Swafiya, mwanamke mrefu, mchache wa maneno. Bibi alimtumia salamu kwa jirani bila sisi kujua, naye akaja asubuhi moja, saa nne, watoto wanakunywa uji. Nilimwitikia hodi yake kutoka chumbani, nikamwambia, "Karibu, Bi Swafiya, Bibi yuko stooni," nikaendelea na kazi yangu. Baadaye kidogo nikapita ukumbini na poti ya mtoto kwenda kuimwaga, nikasikia sauti ya chini, ya kurudia rudia. Nikachungulia. Bi Swafiya ameinama mchagoni, mdomo sikioni mwa Bibi, anamtamkisha shahada. Na Bibi, mato amefumba, kidole cha shahada amekiinua, anamfuatisha.

"Bi Swafiya, wafanyani?"

"Nyamaza, mwanangu. Mwite mamako. Hali hii imeanza lini?"

"Hali gani?"

"Mumemwelekeza tangu lini?"

"Tumemwelekeza wapi?"

Alinitazama mimi, akatazama miguu ya Bibi, akatazama yale matofali chini ya matendegu. Akaniuliza polepole, kama anayemsomesha mtoto, "Kibla ni wapi hapa, Batuli?" Ukumbini nakijua kibla, mkeka wetu una alama yake sakafuni, lakini stooni hakuna aliyewahi kuswali maishani. Niligeuka nikautafuta mkeka kwa macho, nikainua mkono, na mkono wangu ukapita juu ya vidole vya miguu ya Bibi.

Kwetu mgonjwa akifika mwisho hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Asiyeweza ubavu, naye Bibi nyonga yake mbovu ilikuwa ya kulia, hulazwa chali, nyayo zikielekea kibla, na kichwa huinuliwa kidogo ili uso nao uelekee. Mtoto wa kwetu huyajua haya kabla hajajua kuchemsha chai. Mimi, kwa mkono wangu, kwa futikamba ya kuazima na matofali mawili ya darini, nilikuwa nimemlaza bibi yangu kwa ajili ya kufa. Kisha nikamuuliza kama ni sawa. Naye, kwa adabu yake, aliyezaliwa nyumba ile na kuzijua pande zake akiwa amefumba macho, alituelewa, akaitika, akaanza kujiandaa. Poti iliniponyoka, sikuona haya.

Mama alikuja mbio. Bi Swafiya akamweleza kwa maneno machache. Mama akapanda kitandani kwa magoti, maana hapakuwa na njia nyingine ya kumfikia, akamshika Bibi mashavu. "Mama! Wadhani wafa?"

Bibi akafumbua mato. "Kwani sifi?"

"Hufi! Nani kasema wafa?"

"Basi mbona mumeniweka hivi?"

"Ni kitanda, Mama! Kitanda hakikuenea!"

Bi Swafiya, ambaye sikuwahi kumwona hata akitabasamu, alijiziba mdomo kwa buibui mabega yakamtikisika. Mama naye akacheka, akacheka sana, kisha ule mcheko ukageuka kilio cha kupasua kifua, na watoto kule chumbani wakaanza kulia nao mmoja mmoja. Bibi pekee hakucheka wala hakulia. Alitutazama sote, akakishusha kile kidole chake alichokiinua, akakifunika kwa shuka.

Mimi, kwa akili yangu ya vipande vya boksi, nilisema, "Tumgeuze tu. Kichwa kiende kule, miguu ije mlangoni." Mama alinigeukia na uso ambao sijauona tena. "Hata saa moja zaidi halali katika tundu hili. Waite mahamali." Saa saba samadari ilikuwa imerudi chumba cha mbele, ubavu kwa madirisha kama zamani, na godoro za watoto zimebanwa upande mmoja. Mama alipika tambi kwa mikono yake, akakaa na Bibi, akamlisha huku machozi yakimdondoka sahanini. Bibi alikula. Alikula sahani nzima, kidogo kidogo, akimtazama mwanawe, na mimi nilisimama mlangoni nikashukuru.

Bwana afya aliporudi hakuwa na ukali, ila neno lake lilikuwa lile lile: mgonjwa na watoto hawakai chumba kimoja. Mama hakubishana. Watoto watakaobaki ni wanne tu, akasema, walale karibu na mlango wa jikoni ambapo fundi atatoboa dirisha. Saba waende. Tulianza na waliokuja mwisho, na wa mwisho kabisa alikuwa Dama. Mama hakuwa na uso wa kumwambia Kadzo, akanituma mimi. Nilimwambia ngazini, jioni, mtoto ameshamfunga mgongoni. Aliniuliza, "Mpaka lini?" Nikasema, "Mpaka Ijumaa." Akauliza, "Ni kwa sababu ya nyanya?" Nikasema ndiyo. Alishuka ngazi mbili, akasimama, akasema bila kugeuka, "Mimi mama yangu alikufa nikiwa kazini. Mwambie Bi Zena amefanya vizuri." Dama alinitazama juu ya bega la mamake mpaka wakapotea kwenye kona.

Siku ile ya tanzia Kadzo alinisimulia yaliyofuata, kwa sauti ya kawaida tu, akichovya hamri katika kahawa. Alizunguka mpaka Makupa akitafuta mtu wa kumlea mtoto, hakupata aliyemwamini. Akampeleka Dama kwa shangazi yake huko Kaloleni. Alimwona mara moja kwa mwezi, na miezi mingine hakumwona. Mtoto akamwita shangazi mama, na mama yake mwenyewe akawa anamwita kwa jina, Kadzo, mpaka alipoingia darasa la nne. "Sasa tuko sawa," akaniambia. "Ana watoto wake. Hanipigii simu sana, lakini tuko sawa." Nilimshika mkono nikaubana. Kisha nikamwongezea kahawa.

Bibi aliishi miezi saba. Haikuwa miezi mizuri, nisiipambe. Nyonga ilioza kwa ndani, vidonda vikamfungua mgongo, na kumgeuza ilikuwa kazi ya watu wawili na kilio cha mmoja. Dirishani hakuketi tena, alisikia tu sauti za watu. Mama hakulala usiku wala mchana. Alikonda hata nguo zikamning'inia, lakini alikuwa na nguvu za ajabu, na kila mgeni alimwambia kisa cha kitanda, wakicheka wote, na kila mara akimalizia, "Ningempoteza mamangu kwa matofali mawili!" Bibi alikuwa akitabasamu hapo, kwa adabu.

Alasiri moja, Mama ametoka kwenda dukani, nilikuwa nikimkata Bibi kucha. Akasema, "Batuli, siku ile mliyonilaza kibla."

"Bibi, tusamehe. Mimi ndiye niliye…"

"Sikiza. Niliposikia matofali yaingia chini ya mchago, moyo wangu ulitua. Nilisema, alhamdulillahi, wanangu wameniona. Siku zote nasema nimechoka, mwanijibu utapona. Siku ile nilidhani mumenisikia." Alipumzika kidogo, maana maneno yalimchosha. "Nilikuwa nishafika, mwanangu. Nilikuwa nishakuombeni radhi nyote."

Nilikuwa nimeushika mkono wake, na mkasi hauendi mbele wala nyuma. "Kwa nini ulikula, basi? Kwa nini ulikula tambi zile?"

"Mamako alikuwa akilia, na kijiko ki mkononi. Ningefanyaje?" Akanipa mkono wa pili. "Usimwambie."

Alifariki siku chache baadaye, Mama yupo, tumemwelekeza kama inavyopasa na Bi Swafiya sikioni mwake. Watu walijaa mpaka ngazini. Kila aliyekuja kumpa mkono, Mama alimwambia, uso wake mweupe kwa uchovu na fahari, kwamba Mwenyezi Mungu alimtunukia mamake miezi saba zaidi. Nami nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nikaitikia kila mara, alhamdulillahi.